Miligramu Mia Mbili za Mpokeaji

Jumanne, tarehe 14 Aprili 2015, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, madirisha yamefungwa, upepo hakuna.

Hivyo ndivyo Bweni alivyoandika juu ya ukurasa wa hamsini na tisa wa daftari la vipimo, kwa wino mweusi na mwandiko ulionyooka kama gwaride. Aliandika kwa sababu alilazimika. Katika maabara ile hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuwasha mtambo kabla ya kuandika siku, saa na hali ya hewa. Sheria hiyo haikutungwa na Profesa wala na chuo. Ilitungwa na fundi wa maabara, mama wa miaka hamsini na saba ambaye watafiti walimwita Bi Mizani akiwa hayupo, na Mama akiwapo. Mmoja wao aliwahi kumuuliza kwa kejeli, "Mama, sisi ni wanasayansi au watabiri wa hali ya hewa?" Bi Mizani, pasipo kuinua macho kutoka kwenye kichupa alichokuwa akikisuuza, alimjibu, "Mtabiri akikosea, watu hulowa, kisha hukauka. Wewe ukikosea, watu hudanganyika, na uongo ulioandikwa haukauki."

Bweni alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alikuwa akikamilisha shahada yake ya uzamivu. Jina hilo alipachikwa na wenzake kwa kuwa haikupita siku asiitaje shule ya bweni aliyokaa miaka sita: jinsi walivyotandika vitanda hadi pembe za shuka zikakata kama kisu, jinsi walivyofuta vioo vya madirisha kila alfajiri kabla kiranja hajapita na leso nyeupe kidoleni. Leso ikipata vumbi, bweni zima liling'oa visiki. Wenzake walicheka, lakini hata wacheshi kati yao walikiri kwamba meza ya Bweni ndiyo pekee ambayo mtu angeweza kulia chakula bila sahani.

Kazi yake ilikuwa juu ya kaboni, ile ile iliyomo katika mkaa, masizi na ncha ya penseli, ila imepangwa kwa namna ambayo mkaa haukuwahi kuota. Chukua wavu wa atomi wenye matundu ya pembe sita, kama sega la nyuki, wenye unene wa atomi moja tu. Uviringishe uwe mrija. Mirija hamsini elfu ya aina hiyo ikilazwa ubavu kwa ubavu itaenea upana wa unywele mmoja. Bweni alikuwa ameitandaza mamilioni kwa mamilioni juu ya kipande cha kioo, ikawa utando wa kijivu hafifu, mfano wa moshi uliosahau kuondoka. Umeme ulipita ndani yake. Na kwa kuwa kila atomi ya mrija iko nje, haina chumba cha ndani cha kujificha, chochote kilichougusa utando ule kilijulikana mara moja.

Alipotakiwa kueleza, alirudi kwenye bwalo la shule yake. Benchi refu limejaa wanafunzi bega kwa bega. Hakuna awezaye kusogea. Mwondoe mmoja: jirani yake anasogea penye nafasi, na jirani wa jirani naye anasogea, na ile nafasi tupu inasafiri hadi mwisho wa benchi. Ndivyo umeme ulivyopita katika utando wake. Nafasi tupu ndizo zilizosafiri. Sasa, alikuwa na molekuli za aina mbili. Ya kwanza, unga wa rangi ya kutu, aliiita Mpokeaji: ilipotua juu ya mirija ilivuta elektroni kwake, nafasi tupu zikaongezeka, umeme ukapita kwa wepesi, ukinzani ukashuka. Ya pili, fuwele za manjano, aliiita Mtoaji: ilitoa elektroni zake, ikajaza nafasi, watu wakabanana benchini, ukinzani ukapanda. Lililomstaajabisha, na ambalo macho yake hayakulizoea hata kwa miaka minne, ni upole wa jambo lenyewe. Hapakuwa na kifungo cha kikemia kilichovunjwa wala kilichofungwa. Molekuli ililala tu juu ya mrija, bapa juu ya mviringo, na katika kulala huko sehemu ya elektroni ikahama upande mmoja. Kitu kisichoonekana kilimgusa kisichoonekana mwenzake, na sindano ya mtambo, chuma kizima, ikacheza.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya Mpokeaji, kipimo cha ishirini na nne na cha mwisho. Utando ulisoma ukinzani wa omu elfu nne na mia mbili. Bweni alifunua kisanduku cha kioo kilichofunika utando, akadondosha tone la Mpokeaji aliyeyeyushwa, akakipangusa kioo kilichokuwa kimeingia ukungu, akafunika, akakaa na saa yake mkononi. Siku nyingine ya Mpokeaji, baada ya nusu saa, ukinzani ungekuwa umeshuka hadi elfu tatu na mia nne hivi. Nusu saa ilipotimia, mtambo ulisoma elfu nne na mia tatu na kumi. Badala ya kushuka, ulikuwa umepanda.

Ilikuwa mara ya nne. Vipimo vinne kati ya kumi na viwili vya Mpokeaji vilikuwa vimemgeuka vivyo hivyo, na kichupa cha unga wa kutu kilikuwa kimebaki na vumbi tu mdomoni. Shehena nyingine ingechukua miezi miwili kufika. Na Ijumaa ya juma lile lile, saa nne asubuhi, jopo la watahini watatu lingekaa kumsikiliza. Wakimpitisha, nafasi ya mhadhiri iliyokuwa wazi idarani ingekuwa yake. Wakimrudisha, ingepewa mwingine, na ufadhili wake ulikuwa unakoma mwisho wa mwezi.

Profesa, msimamizi wake, mtu mwema mwenye haraka, ambaye miwani yake ilikaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni, alizitazama namba zile akiwa amesimama mlangoni.

"Vingapi vibaya?"

"Vinne, Profesa."

"Kati ya ishirini na vinne. Visikukoseshe usingizi. Andika kwamba mtambo uliyumba, uviondoe, uendelee na maisha."

"Mtambo haukuyumba."

"Unajuaje?"

"Niliupima kabla na baada."

Profesa aliishusha miwani, akamtazama vizuri. "Kijana, mimi sikufundishi kuiba. Kila kapu lina nazi moja iliyooza. Mnunuzi haonyeshwi hiyo kwanza." Akaenda zake, kwa maana simu ilikuwa inamwita.

Lakini palikuwa na Bi Mizani. Hakuna tasnifu iliyotoka katika maabara ile bila sahihi yake kuthibitisha kwamba yaliyochapwa ndiyo yaliyo daftarini, yote. Kurasa za daftari zilikuwa na namba. Kuchana ukurasa kulikuwa sawa na kujiandikia barua ya kufukuzwa. Mstari uliruhusiwa kukatwa, kwa rula, mara moja, na pembeni sababu iandikwe. Bweni alichukua rula, akailaza juu ya kipimo cha kwanza kibaya. Kalamu ikaning'inia. Sababu gani? Akabaki ameishika hadi wino ukadondoka na kufanya doa ukurasani, doa la kwanza katika miaka minne. Aliirudisha rula mfukoni, akafunga daftari.

Jioni hiyo alimkuta baba yake barazani akichambua maharage. Mzee alikuwa ameuza mkaa miaka thelathini, na kifua chake bado kilikuwa na mluzi wa vumbi lile. Alikuwa akiishi na Bweni na mkwewe, mshonaji, ambaye cherehani yake ilisikika kutoka chumba cha ndani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjwa kama shati la mlevi?"

"Kazi, Baba. Utando wangu unanipa majibu ya kinyume."

"Utando gani?"

"Ule wa kaboni."

"Sema mkaa, usione haya." Mzee alitupa jiwe alilolikuta kwenye maharage. "Nimeuza mkaa miaka thelathini nikusomeshe uepukane na mkaa. Umezunguka vitabu vyote vya dunia, umerudi kwenye mkaa."

"Ni mkaa mwembamba, Baba."

"Mwembamba kiasi gani?"

"Hauonekani."

"Basi wewe ni hodari kuliko mimi. Mimi nilishindwa kuwauzia watu mkaa usioonekana, ingawa wako wateja waliodai nimewauzia." Ndani, cherehani ilisimama, mkwewe alikuwa anacheka. Mzee akaendelea, sasa bila mzaha, "Nisikilize. Mkaa hauna uongo. Mteja akirudi kulalamika kwamba gunia linatoa moshi, sikugombana naye, wala sikumlaani mchomaji. Nilimuuliza swali moja tu: ulilihifadhi wapi mvua iliponyesha? Mkaa mkavu hauna sababu ya kufuka."

Bweni alikuwa ameinama kufungua kamba za viatu. Hakuinuka mpaka cherehani ilipoanza tena.

Jumatano jua lilitoka kali, kama la kukomoa. Saa moja na nusu Bweni alikuwa amekwisha kufungua daftari, anasoma yale asiyowahi kuyasoma tangu alipoyaandika: vichwa vya kurasa. Tarehe tisa Februari, mawingu mazito, mvua. Ishirini na saba Februari, mvua. Tatu Aprili, mvua kubwa, madirisha yamefungwa. Kumi na nne Aprili, rasharasha. Vipimo vinne vibaya, mvua nne. Vinane vizuri vya Mpokeaji, jua au mawingu mepesi. Kwa miaka minne alikuwa ameiandika mistari ile kwa dharau iliyofichwa ndani ya utiifu, na kumbe mistari ile ndiyo iliyokuwa ikimwandikia yeye.

Alimpelekea Bi Mizani daftari likiwa wazi mikononi. Yule mama alikuwa kwenye chumba chake kidogo chenye mizani tatu chini ya vifuniko vya plastiki, na kabati la chuma ambalo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake.

"Mama, ni unyevu. Siku za mvua unyevu unaingia, na maji yanatoa elektroni kidogo. Naomba Mpokeaji aliyeko kabatini. Nirudie."

"Unga ule si wako. Ni wa wanafunzi wa mwakani."

"Najua."

"Na mtu akitaka kurudia, mimi humuuliza anarudia mpaka lini. Wengine hurudia mpaka wapate wanachokipenda." Alivaa miwani, akasoma vichwa vya kurasa kimoja baada ya kingine, kidole kikishuka polepole. Kikapita vile vinne. Kikaendelea. Kikasimama. "Na hivi vitatu?"

"Vipi?"

"Mtoaji. Tarehe kumi Februari, mvua. Sita Machi, mvua. Nne Aprili, mvua. Siku za jua Mtoaji anakupandishia hadi elfu nne na mia tisa. Siku hizi tatu kakupandishia hadi elfu tano na mia nane. Ulivichunguza?"

Vile vitatu ndivyo vilivyokuwa bora kuliko vyote. Ndivyo vilivyokaa kwenye mchoro wa kwanza wa sura ya nne. "Vilikuwa vizuri, Mama."

"Ndiyo. Mgeni akija na zawadi haulizwi atokako." Alimrudishia daftari. "Nenda kajaribu maji."

Akajaribu. Alilowesha kitambaa safi kwa maji matupu, akakiweka ndani ya kisanduku pamoja na utando mpya usio na molekuli yoyote, akafunika, akasubiri nusu saa. Ukinzani ulipanda kwa omu thelathini. Alikuwa akitafuta mia tisa, tofauti ya siku za mvua na za jua.

"Si maji," alisema aliporudi, na sauti yake ilikuwa imepungua kimo.

"Basi keti." Bi Mizani alimwonyesha kigoda, heshima ambayo watafiti wengi hawakuipata hadi wakahitimu. "Nieleze unavyopima. Siku ya jua kwanza, halafu ya mvua. Usiruke hata kupiga chafya."

Alieleza. Siku ya jua: nasoma utando, nafunua kisanduku, nadondosha tone, nafunika, nasubiri. Siku ya mvua: nasoma utando, nafunua, nadondosha, nafunika, nasubiri.

"Ndivyo?"

"Ndivyo. Madirisha tu ndiyo nafunga."

"Na kioo hakiingii ukungu? Bamba la chini la kisanduku ni la baridi. Kwangu hapa siku ya mvua hata miwani inaingia ukungu."

"Kinaingia. Nakipangusa."

"Hukusema."

"Mama, kupangusa kioo si sehemu ya jaribio. Ni usafi."

Bi Mizani alinyoosha mkono, kiganja juu, na Bweni alielewa kwamba anadaiwa kitambaa. Alikitoa kwenye droo yake, kimekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, na chupa ya dawa ya vioo kando yake, ile ile ya buluu ambayo kila duka huuza. Yule mama alikisogeza kitambaa puani, akakirudisha haraka, machozi yakamlengalenga.

"Amonia," alisema.

Neno hilo lilikuwa moja, nalo lilitosha. Hapakuwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyejua kwamba amonia ni mtoaji, tena mkarimu: kila molekuli yake hubeba jozi ya elektroni isiyoshughulika, tayari kumwegemea yeyote mwenye upungufu. Bweni alikuwa amefundisha hilo kwa kinywa chake mwenyewe, ubaoni, kwa chaki ya rangi mbili. Kisha kila mvua iliponyesha alikuwa akichukua kitambaa kilicholoa amonia, akakizungusha ndani ya kisanduku kama kiranja anakuja na leso, akaufungia utando wake humo nusu saa. Mpokeaji alikuwa akivuta, amonia ikitoa, na ile mia moja iliyobaki ikaenda kwa mwenye nguvu. Mtoaji naye alikuwa akitoa, amonia ikimsaidia, na yeye Bweni akapiga makofi.

"Nyani haoni kundule," alisema hatimaye.

"Anaona. Ila mpaka ashikiwe kioo, na kisiwe na ukungu." Midomo ya Bi Mizani ilitikisika kidogo, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa kicheko. "Usikae hapo. Thibitisha."

Waliweka utando mpya, usio na chochote. Bweni alikipangusa kisanduku upande wa ndani kwa kitambaa chake, kama alivyozoea, mizunguko mitatu kulia na mitatu kushoto, akafunika. Wakasimama wawili mbele ya mtambo. Sindano iliondoka elfu nne na mia mbili, ikapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo kichwani. Dakika ya thelathini ilikuwa elfu tano na mia moja. Mia tisa kamili. Kisha Bi Mizani akafunua kisanduku na kufungua dirisha. Jua na upepo vikaingia, na sindano, baada ya kusitasita, ikaanza kurudi ilikotoka. Utando ulikuwa unaiachilia amonia, chembe kwa chembe, bila kinyongo.

Bweni aliitazama sindano ikishuka na akasahau kwa muda kwamba alikuwa amefedheheka. Harufu ile alikuwa ameizoea hata pua yake haikuipata tena. Utando wa unene usiofikirika ulikuwa umeinusa kila mara, ukasema, ukarudia kusema, mara saba, na haukuongopa hata mara moja. Mpumbavu katika chumba kile alikuwa mmoja tu, naye hakuwa wa kaboni tupu.

"Sasa naomba Mpokeaji," alisema. "Kipimo cha siku ya mvua, kioo kipanguswe kwa maji. Nikikipata, vinne vimeelezeka."

"Na vitatu?"

Nje, mfagizi alikuwa akiburuta ndoo kwenye ukumbi. Ilisikika hadi mwisho. "Vitatu vinatoka kwenye mchoro," alisema Bweni. "Nitasema mwenyewe, kabla sijaulizwa."

Hapo ndipo Bi Mizani alipovua ufunguo shingoni. Alipima miligramu mia mbili za unga wa kutu, akiongeza na kupunguza kwa ncha ya kijiko cha chuma hadi namba ikatulia, akafungua kijitabu chenye jalada jekundu kilichoandikwa Kuazimana, akaandika tarehe, saa, jua kali. "Sikupi," alisema, "nakukopesha. Shehena yako ikifika, mia mbili zirudi kabatini. Dawa ya deni ni kulipa. Hiyo haiuzwi kwenye chupa ya buluu."

Ikawa sasa Bweni, aliyeilaani mvua miaka minne, anaingoja. Alhamisi iliamka na anga jeupe, bila hata wingu la kuazima. Saa tano alikuwa dirishani. Saa saba alikuwa dirishani. Profesa, aliyekuwa amepashwa habari, alimkuta hapo.

"Kwa hiyo vile vinne umeviokoa."

"Bado. Na vitatu vya Mtoaji navitoa."

Miwani ilishuka kutoka kwenye paji. "Vile bora? Bwana wee, umeng'oa meno mabovu, sasa unang'oa na mazima?"

"Hayakuwa mazima, Profesa. Yalikuwa yameng'arishwa."

Profesa aliizungusha miwani kwa kidole. "Jopo litakuuliza kwa nini mtu aliyepimia kwenye amonia apewe darasa la kufundisha."

"Nimejiuliza tangu jana."

"Umejijibu?"

"Hapana."

Saa tisa na robo tone la kwanza liligonga kioo, kubwa kama sarafu. Bweni aliandika kichwa cha ukurasa: Alhamisi, tarehe 16 Aprili 2015, mvua kubwa ya ghafla, madirisha yamefungwa. Akasoma utando. Akadondosha tone. Kioo kiliingia ukungu. Akakipangusa kwa kitambaa kipya na maji, na kwa mara ya kwanza akaandika daftarini kwamba amekipangusa, na kwa nini. Akafunika. Bi Mizani alikuwa amekuja kusimama mlangoni, mikono nyuma. Dakika ya kumi, elfu tatu na mia tisa. Dakika ya ishirini, elfu tatu na mia sita. Dakika ya thelathini, elfu tatu na mia nne na ishirini, na nje mvua ikimwagika kama imetumwa.

"Umeshuka," alisema Bweni.

"Naona," alisema Bi Mizani. "Rudia mara mbili kabla haijakatika."

Ijumaa, saa nne, mbele ya watahini watatu, alianza na lile alilokuwa akiliogopa. Aliwaonyesha mchoro wa kwanza, akawaambia nukta tatu za juu si za kuaminiwa, akawaambia kosa ni lake na si la mtambo, akakitoa kitambaa mfukoni na kukiweka mezani. Mtahini wa nje, mwanamke mwenye mvi fupi, alikiinua, akakinusa, akapiga chafya. Jopo likacheka, yeye hakucheka.

"Niambie," alisema. "Kisanduku kimoja, kitambaa kimoja, mvuke ambao pua yako haikuusikia. Na utando umeupima mara saba, kwa kiasi kile kile?"

"Mara nane, pamoja na jaribio la Jumatano. Karibu mia tisa kila mara."

"Kwa hiyo kipimo bora ulichofanya katika miaka minne ni kile ambacho hukujua unakifanya."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na hukukipata kwenye namba zako. Umekipata wapi?"

"Kwenye hali ya hewa," alisema Bweni. "Fundi wetu wa maabara hutulazimisha kuiandika."

Walimtoa nje dakika arobaini. Alisimama ukumbini wima, mikono ubavuni, kama zamani mlangoni pa mwalimu wa zamu. Walipomwita, walimwambia amepita, kwa masharti mawili: arudie vile vitatu vya Mtoaji kwa kioo kilichopanguswa kwa maji, na kitambaa kiwe sura ya tano, kwa urefu unaostahili. Nafasi ya mhadhiri ingemngoja hadi Julai. Profesa alimpa mkono na kusema, pasipo kumtazama sana, kwamba habari ya nazi iliyooza ni afadhali isirudiwe darasani. Nyumbani mzee alisikiliza yote, akauliza swali moja: kama kweli mkaa ndio uliompa mwanawe uhadhiri. Alipojibiwa kuwa ndio, aliingia ndani kumwambia mkwewe, na Bweni akamsikia akisema, "Nilijua biashara ile ingelipa."

Shehena ilifika Juni. Jumatatu tarehe 22, saa tatu asubuhi, Bweni aliingia chumba cha mizani akiwa na kichupa cha unga wa kutu.

"Nimeleta, Mama."

Bi Mizani hakusema asante, haikuwa zawadi. Aliwasha mizani, akangoja itulie, akaweka karatasi, akamimina. Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Mia mbili na mbili."

"Mbili ni za shukrani."

"Nilikukopesha kwa riba?"

"Hapana, Mama."

"Basi." Alichukua kijiko cha chuma, akapunguza, akapunguza tena, hadi mizani ikasema mia mbili. Zile mbili alizikunja kwenye kipande cha karatasi, kidogo kama ukucha, akamwekea Bweni kiganjani. Mia mbili akazifungia kabatini. Kisha akafungua kijitabu chekundu, akaandika kwa wino mweusi: Jumatatu, tarehe 22 Juni 2015, saa tatu na dakika tano asubuhi, jua, madirisha wazi. Chini yake akaongeza neno moja, Imelipwa, akatia sahihi, akamgeuzia Bweni kalamu atie yake.